Boti, tela na magari makubwa nyumbani: mwongozo kamili wa sheria za maegesho mtaani

"Naruhusiwa kuegesha boti nyumbani kwangu?" Swali likiulizwa hivyo halijibiki, na ofisa wa manispaa akikujibu "ndiyo" kwenye simu amekubahatishia tu. Neno "nyumbani" limebeba vipande vinne vya ardhi: barabara yenyewe, hifadhi ya barabara, uwanja wa mbele, na pembeni au nyuma ya nyumba. Tela moja lenye boti ya kawaida ya kuvulia linaweza kukanyaga vipande vitatu kwa mpigo. Magurudumu yako uwanja wa mbele, mkono wa kuvutia umepita juu ya njia ya watembea kwa miguu, na ncha yake imechungulia hifadhi ya barabara. Kila kipande kina mwenye kauli yake, na kila mwenye kauli ana faini yake.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia chini ya tairi. Ukishajua ardhi ile ni ya nani, maswali mengine yote (urefu, saa, uzio, kibali) yanajipanga yenyewe. Mifano ya nchi mbalimbali nimeiweka ili uone namna sheria hizi zinavyofikiri. Ya kwako utaitafuta na kuisoma mwenyewe.

Hatua ya 1: Jua tairi limesimama kwenye ardhi ya nani

Toka nje, simama mbele ya nyumba, tazama kuanzia katikati ya barabara kuja mlangoni.

Kwanza kuna barabara. Hapa inatawala sheria ya usalama barabarani ya nchi au jimbo, pamoja na sheria ndogo za mji. Hakuna mwenye nyumba anayemiliki sehemu ya barabara iliyo mbele ya geti lake, hata kama ameegesha hapo miaka yote na majirani wote wanajua ni "pake".

Kisha kuna hifadhi ya barabara, na hapa ndipo wengi wanaponaswa. Mara nyingi ni ule ukanda wa nyasi kati ya barabara na njia ya miguu, au kati ya lami na uzio wako. Nyasi zake unakata wewe, takataka zake unaokota wewe, na miji mingine inakulazimisha kwa sheria ufanye hivyo. Lakini ardhi si yako, na kwa kawaida kuegesha chochote juu yake ni kosa hata kama nafasi ni pana na haumzibii mtu.

Baada ya hapo ni uwanja wa mbele: eneo kati ya mpaka wa kiwanja na uso wa nyumba, ikiwemo njia ya kuingilia gari. Ardhi ni yako, lakini sheria za mipango miji zinaibana kuliko sehemu nyingine yoyote ya kiwanja, kwa sababu ndiyo inayoonekana. Pembeni na nyuma ya nyumba masharti hulegea, ila huongezeka mambo mengine kama njia ya zimamoto na umbali kutoka mpaka wa jirani.

Usiamini uzio. Uzio mwingi umejengwa ndani au nje ya mpaka halisi. Tafuta bikoni za kiwanja au ramani ya upimaji iliyoambatana na hati, kisha pima kwa futi ya chuma kutoka kwenye alama hizo. Ukigundua kwamba mita moja na nusu ya "uwanja wako" ni hifadhi ya barabara, bora ulijue leo kuliko kulisoma kwenye notisi.

Hatua ya 2: Kusanya sheria zote, maana haziko mahali pamoja

Sheria zinazokuhusu zimepangwa kwa tabaka. Chini kabisa kuna sheria ya nchi au jimbo. Juu yake, sheria ndogo za mji au halmashauri. Kama mtaa wenu una jumuiya ya wenye nyumba, kuna katiba na kanuni zake. Kuna masharti yaliyoandikwa kwenye hati ya kiwanja, ambayo mnunuzi wa pili au wa tatu mara nyingi hajawahi kuyasoma. Na mpangaji ana mkataba wa pango, ambao unaweza kumkataza kitu ambacho mji mzima unakiruhusu.

Kanuni ya kushika ni hii: lililo kali zaidi ndilo linalokubana. Mji kuruhusu boti uwanja wa mbele hakuifungi mikono jumuiya ya wenye nyumba kuikataza. Na jumuiya kuruhusu hakumzuii mkaguzi wa mji kukuandikia faini. Watu hupoteza fedha nyingi kwa kudhani kibali kimoja kinafunika tabaka zote.

Wakati mwingine sheria ya nchi au jimbo huingilia na kuinyang'anya jumuiya mamlaka. Florida, jimbo la Marekani lenye boti nyingi na jumuiya nyingi za wenye nyumba, ilipitisha sheria mwaka 2023 inayozizuia jumuiya hizo kumkataza mwenye kiwanja kuweka vitu nyumbani kwake, boti na magari ya kambi yakiwemo, iwapo havionekani kutoka mbele ya kiwanja wala kutoka maeneo ya jirani. Kwa hiyo mtu mwenye boti nyuma ya uzio mrefu ana haki ambayo mwenye boti pembeni ya geti hana. Barua za jumuiya hazitakukumbusha jambo kama hilo. Ni juu yako kuangalia kama jimbo au nchi yako ina kinga ya aina hiyo.

Unapofungua sheria ndogo za mji, usiishie kwenye sura ya maegesho. Tafuta sehemu tatu. Ya kwanza ni sura ya magari na barabara, inayohusu kuegesha barabarani. Ya pili ni sura ya mipango miji na matumizi ya ardhi, ambako ndiko kumejificha masharti ya kuegesha ndani ya kiwanja. Ya tatu ni sura ya kero na usafi wa mazingira, inayoshughulikia magari mabovu, yasiyosajiliwa, au yaliyotelekezwa. Anayesoma moja tu hutoka amefurahi, na hajui kwamba amezikosa mbili.

Katika kila sura anza na ukurasa wa tafsiri ya maneno. Ni mkavu, lakini ndiyo unaoamua kesi. Sheria nyingi hazitaji boti kabisa kwenye kifungu cha katazo; zinasema "gari la burudani", halafu kwenye tafsiri unakuta kwamba gari la burudani ni pamoja na karavani, tela la kambi, na boti ikiwa juu ya tela au bila tela. Tazama pia kama tela tupu linahesabiwa kivyake. Ukishusha boti majini na kurudi na tela peke yake, huenda umehama kundi moja kuingia jingine.

Hatua ya 3: Pima kila kitu upya

Vipimo vya kwenye karatasi za mauzo havitakusaidia. Boti inayouzwa kama ya mita sita ina mita sita za bodi. Sheria kwa kawaida inahesabu kitu kizima kilivyosimama, yaani kuanzia ncha ya mkono wa tela hadi mwisho wa injini. Kanuni za barabarani za Australia, kwa mfano, zinalihesabu kuwa refu gari lolote linalofika mita 7.5 pamoja na mzigo au chochote kilichochomoza.

Pima hivi. Simamisha tela kama litakavyokaa siku zote, na injini ikiwa imeinuliwa, maana ndivyo utakavyoiacha. Shikilia ncha ya futi kwenye mdomo wa kiungo cha tela, vuta hadi ukingo wa mwisho wa propela. Utashangaa: injini ikiinuliwa inasogea nyuma, na mkono wa tela nao unachukua zaidi ya mita nzima. Boti ya mita sita imekuwa kitu cha mita saba na nusu. Kama mkono wa tela lako unakunjwa au kuchomolewa, pima mara mbili, ukiwepo na usipokuwepo, kwa sababu hiyo inaweza kuwa tofauti ya kutosha na kutotosha mbele ya nyumba.

Kimo pia, kutoka ardhini hadi sehemu ya juu kabisa: paa la turubai, fremu ya kufungia kamba ya kuvuta wanaoteleza majini, antena. Vinavyokunjwa vikunje kwanza.

Kisha uzito, na hapa kuna mtego. Sheria huangalia mara nyingi uzito wa juu ulioruhusiwa, ule uliopigwa kwenye kibao cha chuma cha mtengenezaji, mizani haiulizwi. Tela tupu lenye kibao cha tani tatu ni tela la tani tatu.

Mipaka yenyewe hutofautiana sana. Ujerumani inakataza magari ya zaidi ya tani 7.5 na matela ya zaidi ya tani 2 kuegeshwa mara kwa mara kwenye mitaa ya makazi kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi, na pia Jumapili na sikukuu. Australia inaliachia gari la tani 4.5 au zaidi, au lile refu la mita 7.5, saa moja tu kusimama barabarani katika eneo lenye makazi. California inaziachia halmashauri zake ziwabane wenye magari ya biashara yenye uzito ulioruhusiwa wa pauni 10,000 (karibu tani 4.5) au zaidi, wasiyaegeshe kwenye mitaa ya makazi. Na San Diego, iliyo ndani ya California hiyohiyo, imeongeza la kwake: kitu kilichozidi futi 27 kwa urefu na futi 7 kwa kimo, pamoja na magari ya burudani na matela, havikai barabarani kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi bila kibali.

Andika vipimo vyako vitatu kwenye karatasi moja na upige picha futi ikiwa imenyooshwa. Picha hiyo utaihitaji baadaye.

Hatua ya 4: Soma saa kwa makini kuliko unavyosoma alama

Kibao kisipokuwepo barabarani haina maana hakuna kikomo cha muda. Miji mingi ina kikomo cha jumla kinachotumika kila mahali bila kuandikwa popote mtaani. Toronto, Kanada, ni muda wa saa tatu, isipokuwa kibao kiseme vingine. California imeruhusu halmashauri kuondoa gari lililosimama saa 72 mfululizo, ikiwa halmashauri imepitisha sheria ndogo ya kusema hivyo. Ufaransa, kukaa sehemu moja ya barabara ya umma zaidi ya siku 7 ni maegesho ya kupindukia, na mamlaka za mahali zinaweza kufupisha muda huo. Ujerumani, tela lililofunguliwa kutoka kwenye gari haliruhusiwi kukaa zaidi ya wiki 2. New York ni wakali zaidi: tela lisilofungwa kwenye gari la kulivuta halina nafasi mtaani hata dakika moja, na magari ya biashara hayalali kwenye mitaa ya makazi kati ya saa 3 usiku na saa 11 alfajiri.

Swali linalofuata ni lile ambalo kila mwenye tela huliuliza: nikilisogeza kidogo, saa inaanza upya? Inategemea maneno ya sheria. Kuna inayosema "sehemu ileile" na kuacha ubishi. Kuna inayotaja umbali. New South Wales, jimbo la Australia, walichoka na matela ya boti yaliyokuwa yakikaa miezi kwenye mitaa ya karibu na maji, wakapitisha sheria mwaka 2015 iliyowapa mabaraza uwezo wa kuyaondoa yaliyokaa zaidi ya siku 28, na wakaziba mwanya waziwazi: kusogeza nusu mita hakukuhesabika, ilibidi tela livuke makutano ya barabara. Ukikuta sheria yako imenyamaza, usijitie ujanja wa kusukuma tela mzunguko mmoja wa gurudumu. Mkaguzi anaujua mchezo huo.

Anaujuaje? Njia ya zamani ni chaki kwenye tairi. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ya shirikisho inayohudumia Michigan, Ohio, Kentucky na Tennessee ilisema kwamba kuchora tairi chaki ni upekuzi kwa maana ya Katiba ya Marekani, na wapenda ubishi wakashangilia. Lakini chaki haikuwahi kuwa njia pekee. Mkaguzi anaweza kuandika mahali ilipo valvu ya kila gurudumu, mathalani ya mbele imeelekea juu, ya nyuma imelala kushoto, na akirudi akazikuta vilevile, hadithi ya kwamba uliondoka na kurudi haina miguu. Siku hizi anapiga picha tu.

Nawe fanya hivyohivyo. Ukihamisha tela, piga picha mahali ulipolitoa na ulipoliweka, simu ikiwa inaandika tarehe na saa. Matela hayana mita ya kilomita, kwa hiyo bila picha huna ushahidi.

Muda wa kupakia na kushusha ni jambo la peke yake. Sheria nyingi zinazokataza boti mtaani zinaacha mlango kwa ajili ya kuandaa safari au kusafisha baada ya safari, wakati mwingine kwa kibali cha muda mfupi. San Diego hutoa vibali vya saa 24 kwa kazi hiyo. Tafuta kifungu hicho mapema. Hakitajileta chenyewe, na kibali lazima kiwepo kabla boti haijafika mtaani.

Hatua ya 5: Kama ni lazima ikae barabarani

Ushauri wangu: usiache tela barabarani likiwa peke yake kama una njia nyingine yoyote. Halina breki ya kuaminika, halina taa, halina king'ora, na usiku mtu wa baiskeli haoni ule mkono wa chuma uliochomoza kwenye usawa wa goti.

Uingereza imeliona hilo kwenye sheria zake. Gari dogo linaruhusiwa kulala bila taa kwenye barabara yenye kikomo cha maili 30 kwa saa au chini ya hapo, likiwa angalau mita 10 kutoka kwenye makutano, karibu na ukingo, na limeelekea upande wa mwendo wa magari. Tela halimo kwenye ruhusa hiyo. Usiku lisiachwe barabarani bila taa. Hata nchi yako isipodai taa, bandika vibandiko vya kuakisi mwanga kwenye ncha zote mbili, weka kabari pande zote za magurudumu, na funga kiungo kwa kufuli.

Umbali mwingine wa kuangalia ni kutoka bomba la zimamoto (New York na California ni futi 15, karibu mita 4.5), kutoka kivuko cha miguu, kutoka kituo cha basi, na kutoka geti la jirani. Kuhusu kupandisha magurudumu mawili kwenye njia ya miguu "ili kuacha nafasi barabarani": London imelikataza tangu sheria ya mwaka 1974, na Scotland, chini ya sheria yake ya 2019, halmashauri zilianza kupewa uwezo wa kutoza faini Desemba 2023. Mwenye kiti cha magurudumu au mama mwenye kigari cha mtoto akikuta njia imezibwa, anateremka kwenye magari.

Japani imelitatua tatizo kutokea mwanzo. Tangu sheria ya mwaka 1962, mnunuzi wa gari katika sehemu kubwa ya nchi lazima aonyeshe kwamba ana mahali pa kuliweka nje ya barabara, na leo mahali hapo pasizidi kilomita 2 kutoka anapoishi. Kuigeuza barabara kuwa gereji kunakatazwa: kukaa muda wa saa kumi na mbili sehemu moja, au muda wa saa nane wakati wa usiku, tayari ni kosa. Wenye boti wangeanza kwa swali hilohilo la "italala wapi?", kurasa nyingi za mwongozo kama huu zisingehitajika.

Hatua ya 6: Andaa sehemu ndani ya kiwanja

Masharti ya ndani ya kiwanja yanafanana nchi kwa nchi kuliko yale ya barabarani. Tarajia kukutana na haya: kitu kisimame juu ya sakafu ngumu (zege, lami, matofali, wakati mwingine kokoto) na si juu ya nyasi, kisikaribie mpaka wa mbele kuliko umbali fulani, idadi iwe moja au mbili, kiwe kimesajiliwa na kinaweza kutembea, kiwe mali ya anayeishi hapo, si ya shemeji yake, asilale mtu ndani, na kiwe nyuma ya uzio au ua wa miti wenye kimo kilichotajwa.

Nyumba ya kona ina shida ya ziada. Kiwanja cha kona kwa macho ya mipango miji mara nyingi kina "mbele" mbili, na pia kuna pembetatu ya uoni kwenye kona ambayo lazima iachwe wazi ili madereva waonane. Boti iliyofunikwa turubai inaziba macho kama ukuta. Kabla hujamwaga zege, uliza kuhusu pembetatu hiyo.

Chora mchoro wa kiwanja, hata kwa mkono: mpaka, nyumba, njia ya gari, mahali pa boti, umbali kutoka kila mpaka kwa mita. Acha upenyo wa mtu kupita kati ya boti na ukuta. Wazimamoto watauhitaji, na wewe pia siku ya kubadilisha tairi. Usizibe dirisha la chumba cha kulala ambalo ndilo njia ya kutokea moto ukiwaka, wala mita ya gesi au umeme. Kama zege jipya litapeleka maji ya mvua kwa jirani, umeanzisha ugomvi wa pili juu ya wa kwanza, kwa hiyo weka mteremko kuelekea kwako.

Na boti yenyewe: inua pua yake kidogo, chomoa kizibo cha chini ili maji ya mvua yatoke, kaza turubai lisishike madimbwi ya kuzalisha mbu. Malalamiko mengi yanayoandikwa kama "maegesho" ukiyachunguza ni ya turubai lililochanika na maji yaliyooza.

Hatua ya 7: Uliza kwa maandishi

Jibu la simu halina mwenyewe. Tuma barua pepe kwa idara ya mipango miji, na nyingine tofauti kwa jumuiya ya wenye nyumba, ukiambatisha mchoro na picha za vipimo. Usiulize kama unaruhusiwa, uliza kifungu. Maneno kama haya yanatosha:

"Ninakusudia kuweka boti moja juu ya tela, urefu wa jumla mita 7.4, kimo mita 2.3, upande wa kushoto wa nyumba kama mchoro unavyoonyesha. Sakafu itakuwa ya zege na kutakuwa na uzio. Naomba mnithibitishie kwa maandishi kifungu kinachohusika, na kama kibali cha sakafu au uzio kinahitajika. Kama mpango huu hauruhusiwi ulivyo, naomba mnieleze ni kipimo gani kibadilike."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi. Inampa ofisa nafasi ya kukusaidia badala ya kukukatalia tu, na mara nyingi utasikia kwamba ukirudi nyuma sentimita arobaini mambo yamekwisha.

Hatua ya 8: Jirani kabla ya mkaguzi

Miji mingi haina wakaguzi wa kuzunguka wakitafuta boti. Wanakuja wakiitwa. Maana yake ni kwamba jirani mmoja aliyekereka ana nguvu kuliko kifungu chochote, na kwamba boti tatu zinaweza kukaa mtaa mzima miaka mingi kinyume cha sheria na ya nne ikaandikiwa faini wiki ya kwanza. Kulalamika kwamba "mbona wale wengine" hakukuokoi.

Nenda mlangoni kabla boti haijafika. "Habari za jioni, jirani. Ijumaa naleta boti, itakaa upande huu wa uzio. Ikikuzibia au ikikusumbua kwa lolote, nigongee tu mlango, hata usiku." Mpe namba ya simu. Anayeishi ng'ambo ya barabara msalimie pia, kwa sababu wewe utaiona boti yako ubavuni, yeye ataiona kila asubuhi akifungua dirisha.

Hatua ya 9: Notisi ikifika

Isome yote kabla hujampigia mtu simu. Unatafuta mambo manne: kifungu kilichovunjwa, tarehe ya ukaguzi, siku ulizopewa kurekebisha, na tarehe ya mwisho ya kukata rufaa. Hizi mbili za mwisho si kitu kimoja. Ukisubiri hadi siku za kurekebisha ziishe, unaweza kukuta dirisha la rufaa lilifungwa wiki iliyopita.

Kama unaweza, ondoa tatizo kwanza na ubishe baadaye. Peleka tela kwa rafiki, piga picha sehemu ikiwa tupu, mwandikie mkaguzi kwamba umetekeleza na unaomba ukaguzi wa kufunga jalada. Miji mingi inahesabu kosa upya kila siku, na faini ndogo inayojirudia huzidi thamani ya tela haraka sana. Omba uthibitisho wa maandishi kwamba jalada limefungwa.

Ukiamua kubisha, kuna hoja zenye uzito na zisizo na uzito. Kusema hukujua sheria hakuna uzito. Kipimo kilichokosewa, kifungu kisichohusu aina ya chombo chako, au notisi iliyopelekwa anwani nyingine: hizo zina uzito. Yenye uzito kuliko zote, kama unayo, ni kwamba boti ilikuwa pale kihalali kabla sheria mpya haijapitishwa. Mifumo mingi ya mipango miji inaheshimu matumizi yaliyotangulia sheria, lakini lazima uyathibitishe: picha za zamani zenye tarehe, bima, usajili wenye anwani ileile, barua ya jirani. Haki hiyo ina tabia ya kufa ukiondoa boti kwa muda mrefu, na si rahisi kuhamia kwenye boti kubwa zaidi uliyonunua juzi.

Njia nyingine ni kuomba msamaha wa sharti, ambapo baraza husikiliza maombi na majirani hualikwa kusema. Hapa ndipo zile salamu za hatua ya 8 zinapolipa.

Gari au tela likiwa limeshavutwa, usikae ukiandika malalamiko kwanza. Yadi inatoza kwa siku. Lilipie, chukua risiti yenye maelezo, kagua na upige picha uharibifu wowote kabla hujatoka getini, halafu dai fedha zako kwa utaratibu wa rufaa.

Hatua ya 10: Kama kiwanja hakitoshi

Baada ya kupima kwa haki, wengine watakuta kwamba haitoshi. Kuna yadi za kuhifadhi, kuna maghala ya boti karibu na maji ambako hupangwa kwenye rafu, na kuna watu wenye viwanja vikubwa wanaokodisha kona, ingawa huyo wa mwisho muulize kama mji wake unamruhusu kuhifadhi mali ya mtu asiyeishi hapo.

Kabla ya kusaini mkataba wa yadi, uliza saa za kuingia (safari ya alfajiri haina maana kama geti linafunguliwa saa 3 asubuhi), nani analipa mali ikiibwa, kama betri na mafuta vinaruhusiwa kubaki ndani, na nini hufanyika ukichelewa kulipa mwezi mmoja. Kisha mjulishe kampuni ya bima anwani mpya kwa maandishi, kwa sababu sera nyingi hutaja mahali chombo kinapolala, na dai linaweza kukataliwa kwa anwani tu.

Anayetafuta nyumba ya kununua au kupanga afanye hatua ya 1 hadi ya 3 kabla ya kulipa chochote, akiwa na vipimo vya tela mkononi. Dalali akisema "hapa kila mtu anaegesha tu", mwombe akuonyeshe kifungu.